Uganda: Klabu za Rotary, mbio za hisani na swali la nani hutunza kilichojengwa

Kila mwaka, mara nyingi mwishoni mwa mwezi Agosti, maelfu ya watu hukusanyika asubuhi na mapema katika uwanja wa Kololo jijini Kampala wakiwa wamevaa fulana zinazofanana. Wapo wanaokimbia kilomita 21, wapo wa kilomita 10, na wapo wanaotembea kilomita 5 pamoja na watoto wao. Wengi si wanariadha. Wamenunua fulana, na bei ya fulana hiyo ndiyo mchango wao katika Mbio za Saratani za Rotary, zilizoanzishwa mwaka 2012 ili kuchangia matibabu ya saratani nchini Uganda.

Shughuli hiyo ya saa chache ndiyo sura ya klabu za huduma ambayo umma huiona. Sehemu isiyoonekana ni ndefu zaidi: vikao vya kila wiki, vitabu vya hesabu, mikataba na hospitali, na miaka ya kusubiri kabla jengo halijapokea mgonjwa wa kwanza. Makala haya yanaeleza klabu za huduma ni nini, namna zinavyochangisha fedha, na kwa nini thamani ya kazi yao hupimwa miaka mingi baada ya siku ya sherehe.

Klabu ya huduma ni nini?

Klabu ya huduma ni chama cha hiari cha watu wanaokutana kwa ratiba maalumu, wanaolipa ada, na wanaotumia muda, ujuzi na fedha zao kutekeleza miradi kwa manufaa ya jamii. Si chama cha siasa wala si taasisi ya dini, na wanachama hawagawani faida.

Iliyotangulia kati ya klabu za aina hiyo zilizoenea duniani ni Rotary. Ilianzishwa tarehe 23 Februari 1905 katika jiji la Chicago, Marekani, na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu: mhandisi wa madini, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na fundi wa nguo. Jina lake latokana na desturi yao ya awali ya kukutana kwa mzunguko, leo katika ofisi ya huyu, wiki nyingine katika ofisi ya yule. Mwanzoni nia yao ilikuwa urafiki na kupeana biashara. Muda si mrefu wakagundua kwamba watu wanaokutana kila wiki wanaweza pia kufanya kazi ya pamoja kwa ajili ya mji wao, na mradi wao wa kwanza wa huduma ulikuwa kuhimiza ujenzi wa vyoo vya umma katikati ya jiji hilo.

Baadaye zikafuata nyingine: Kiwanis mwaka 1915, Lions mwaka 1917 na Soroptimist, ambayo ni ya wanawake, mwaka 1921. Lions hujulikana zaidi kwa huduma za macho, kazi iliyopata msukumo mwaka 1925 baada ya Helen Keller, Mmarekani aliyekuwa haoni wala hasikii, kuwaomba wanachama wake wawatetee wasioona. Rotary yenyewe leo ina wanachama zaidi ya milioni 1 katika klabu zaidi ya 40,000.

Wazo la kujitolea kwa pamoja halikuletwa Uganda na klabu hizo. Katika Buganda, bulungi bwansi ni utaratibu wa siku nyingi wa wanakijiji kutoka pamoja kusafisha visima, kulima barabara na kutengeneza madaraja. Vipo pia vikundi vya munno mukabi, maana yake rafiki wa wakati wa shida, ambavyo hukusanya fedha, vyombo na nguvukazi kwa ajili ya misiba na harusi. Nchini Tanzania, wakazi wa milima ya Upare na Usambara wanaufahamu msaragambo, na Kenya ilijenga shule nyingi kwa harambee. Kipya kilichokuja na klabu za huduma ni mfumo wa kudumu: uanachama wenye ada, viongozi wanaobadilishwa kila mwaka, na uhusiano wa moja kwa moja na klabu za nchi nyingine.

Kutoka Nairobi hadi Kampala

Rotary iliingia Afrika Mashariki kupitia Nairobi mwaka 1930. Klabu ya Dar es Salaam ilifuata mwaka 1949, na ya Kampala mwaka 1957, miaka 5 kabla ya Uganda kupata uhuru. Kama taasisi nyingi za miji ya kikoloni, zilianza zikiwa za wanaume wenye nafasi zao kazini na katika biashara.

Zuio dhidi ya wanawake lilidumu muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Klabu ya mji wa Duarte, katika jimbo la California, ilipokea wanawake mwaka 1977 na ikafukuzwa katika shirika hilo mwaka uliofuata. Kesi hiyo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwezi Mei 1987 iliamua kwamba sheria ya jimbo inayokataza ubaguzi ilipaswa kufuatwa. Mwaka 1989 Rotary ikaondoa sharti la jinsia katika katiba yake duniani kote. Iliwachukua wanawake hadi mwaka 2022 kupata rais wao wa kwanza wa shirika hilo, Jennifer Jones wa Kanada.

Nchini Uganda ukuaji mkubwa ulitokea baada ya katikati ya miaka ya 1980. Jina linalotajwa sana katika historia hiyo ni la Sam Owori, mwanachama wa klabu ya Kampala ambaye pia alikuwa mkurugenzi katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika miaka 29 iliyofuata kipindi chake cha ugavana wa wilaya ya Rotary, idadi ya klabu nchini humo ilipanda kutoka 9 hadi 89. Alichaguliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa kipindi cha 2018 hadi 2019, na angekuwa Mwafrika wa pili kushika nafasi hiyo baada ya Jonathan Majiyagbe wa Nigeria. Hakufika huko. Alifariki dunia mwezi Julai 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na Barry Rassin wa Bahama.

Neno wilaya hapa halina maana ya kiutawala. Wilaya ya Rotary ni kundi la klabu chini ya gavana mmoja, na huweza kuvuka mipaka ya nchi. Kwa miaka kadhaa kuanzia Julai 2013, klabu za Uganda na Tanzania zilikuwa katika wilaya moja, namba 9211. Mwanachama wa Mwanza na mwenzake wa Jinja walihudhuria mkutano mkuu mmoja na kumchagua gavana mmoja.

Uongozi wa mwaka mmoja

Klabu moja huwa na rais, rais mteule, katibu, mweka hazina na wakuu wa kamati za huduma, uanachama, fedha na vijana. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na rais hukaa madarakani kwa mwaka mmoja tu. Vijana wana vyama vyao: Interact kwa wanafunzi wa sekondari, iliyoanza mwaka 1962, na Rotaract kwa vijana waliofikia utu uzima, iliyoanza mwaka 1968. Kuna pia vikosi vya jamii vya Rotary, ambavyo wanachama wake ni wanakijiji au wakazi wa mtaa wasio wanachama wa klabu lakini wanaoshirikiana nayo katika mradi wa eneo lao.

Utaratibu wa mwaka mmoja una faida yake. Hakuna anayeifanya klabu kuwa mali yake, na kila mwanachama anajua kwamba zamu yake ya kubeba mzigo itafika. Una hasara pia. Kila rais mpya hutamani mradi wenye alama yake, na mradi wa mtangulizi huweza kuachwa njiani. Hospitali haijengwi kwa miezi 12. Ndiyo maana miradi mikubwa, kama ile ya saratani, huwekwa chini ya kamati zinazodumu na kusimamiwa kwa ushirikiano wa klabu nyingi, ili kubadilika kwa viongozi kusiisimamishe kazi.

Fedha hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni wanachama wenyewe. Hulipa ada za klabu, za wilaya na za shirika la kimataifa, na ada hizo huendesha chama; si fedha za miradi. Katika vikao vya kila wiki kuna pia faini ndogo ndogo za utani. Mwanachama aliyechelewa, aliyesahau beji yake au aliyepandishwa cheo kazini bila kuwaarifu wenzake hutozwa kiasi kidogo na msimamizi wa nidhamu, watu wanacheka, na kikapu kinapitishwa. Ni fedha kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Chanzo cha pili ni shughuli za umma: mbio na matembezi ya hisani, chakula cha jioni cha kuchangia, mashindano ya gofu, minada na bahati nasibu. Jijini Dar es Salaam klabu za Rotary huandaa marathoni yake tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Chanzo cha tatu ni kampuni, ambazo hutoa fedha au bidhaa na badala yake nembo zao huonekana katika fulana na mabango.

Hesabu ya mbio za hisani yastahili kueleweka, kwa kuwa hapo ndipo mchangiaji wa kawaida hukutana na klabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inauza fulana 1,000 kwa shilingi 25,000 za Uganda kila moja, na kupata shilingi milioni 25. Iwapo kila fulana imegharimu shilingi 10,000 kushonwa na kuchapishwa, milioni 10 zimekwisha ondoka. Maji ya kunywa, gari la wagonjwa, vipaza sauti, ulinzi na usafi wa uwanja vikichukua milioni 5 nyingine, kinachobaki kwa hospitali ni milioni 10, yaani senti 40 katika kila shilingi aliyotoa mkimbiaji.

Kama kampuni mfadhili italipia fulana na gharama za uwanja, hesabu hubadilika kabisa: milioni 25 zote huenda kwenye mradi. Kwa hiyo udhamini wa kampuni una thamani kubwa zaidi unapofunika gharama, kuliko unapowasilishwa kama hundi kubwa ya kupigia picha. Kwa sababu hiyo pia, tangazo la jumla ya fedha zilizokusanywa halitoshi. Tarakimu yenye maana ni ile inayobaki baada ya gharama, na klabu makini huitaja bila kuulizwa.

Chanzo cha nne ni Wakfu wa Rotary. Mwaka 1917 rais wa shirika hilo wakati huo, Arch Klumph, alipendekeza kuanzishwa kwa mfuko wa kufanya mema duniani, na mchango wa kwanza ulikuwa dola 26 na senti 50. Leo wanachama huchangia mfuko wa kila mwaka wa wakfu huo. Fedha hizo huwekezwa kwa miaka 3, kisha karibu nusu yake hurudi katika wilaya zilikotoka ili zipangiwe miradi, na sehemu nyingine huenda katika mfuko wa dunia.

Kwa miradi mikubwa upo utaratibu wa ruzuku ya kimataifa. Bajeti haipaswi kupungua dola 30,000 za Marekani, na ni lazima klabu mbili zishirikiane: moja ya mahali mradi unapofanyika na nyingine ya nchi tofauti. Kabla ya kuomba, klabu ya mwenyeji hutakiwa kufanya tathmini ya mahitaji kwa kuwasikiliza wakazi, na kueleza mradi utaendeleaje fedha zikiisha. Masharti hayo huonekana mazito, na wapo wanaoyalalamikia. Hata hivyo yanatokana na uzoefu wa miaka mingi wa kuona vifaa vilivyotolewa kwa nia njema vikigeuka vyuma chakavu.

Mashine moja kwa nchi nzima

Umuhimu wa suala la matunzo haukuwahi kuonekana wazi Uganda kama mwaka 2016.

Nchi hiyo ina historia ya heshima katika elimu ya saratani. Ni katika Hospitali ya Mulago ambako daktari wa upasuaji Denis Burkitt alieleza, mwaka 1958, aina ya saratani ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilizaliwa hapo hapo Mulago mwaka 1967. Lakini kwa tiba ya mionzi, nchi nzima ilitegemea mashine moja inayotumia kobalti-60, iliyopatikana mwaka 1995.

Kobalti ina tabia ambayo mnunuzi wa mashine hana budi kuijua. Nguvu ya mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache. Kadiri chanzo kinavyozeeka, ndivyo mgonjwa anavyohitaji kulala muda mrefu zaidi chini ya mashine ili apate kipimo kilekile, na ndivyo foleni inavyorefuka nje ya mlango. Chanzo kisipobadilishwa kwa wakati na mashine isipohudumiwa, siku ya kusimama kwake hujulikana kabla haijafika.

Siku hiyo ilifika mwaka 2016. Mashine iliharibika kiasi cha kutorekebishika, na wagonjwa waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki bila mahali pa kwenda. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400. Hao walikuwa sehemu ndogo ya waliohitaji, na kwa familia ya kijijini safari ya Nairobi na wiki kadhaa za kukaa huko ni gharama isiyoshikika. Mashine mpya ilizinduliwa rasmi Mulago mwezi Januari 2018. Kwa ugonjwa ambao miezi michache huweza kuamua uhai wa mtu, pengo hilo lilikuwa refu mno.

Wakati hayo yanatokea, Mbio za Saratani za Rotary zilikuwa tayari na miaka 4. Fedha za mwanzo zilielekezwa kujenga wadi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki jijini Kampala. Lengo lililofuata likawa kujenga vyumba viwili maalumu vya kuwekea mashine za kisasa za mionzi, zile zinazozalisha mionzi kwa umeme badala ya kutegemea kobalti.

Vyumba hivyo si majengo ya kawaida. Kuta zake hujengwa kwa zege zito lenye unene unaoweza kuzidi mita 1 na nusu, ili mionzi isiwafikie wahudumu na wapita njia. Ni ujenzi wa gharama kubwa usio na mvuto wa macho, na vigumu kumwonyesha mfadhili ukuta mnene na kumwambia kwamba hapo ndipo fedha zake zilipo. Pengine ndiyo sababu kazi ya aina hii huwafaa watu wanaokutana kila wiki na kurudi barabarani kila Agosti.

Mashine za umeme nazo zina madai yake. Zahitaji umeme usioyumba, ubaridi wa kudumu, wahandisi waliofunzwa na mkataba wa huduma unaolipiwa kila mwaka. Zahitaji wataalamu wa fizikia ya tiba, ambao hawapatikani kwa kuuza fulana. Hapo ndipo mpaka wa klabu unapoonekana: inaweza kujenga ukuta, hata kununua mashine, lakini mshahara wa mtaalamu kwa miaka 20 ni jukumu la hospitali na la serikali.

Somo la pampu na la polio

Mpaka huo huo upo katika miradi midogo. Chukua kisima cha kijijini. Pampu za mkono zinazotumika sana Uganda, aina ya U2 na U3, ni imara, lakini zina vipande vya mpira na fimbo ambavyo huchakaa. Mfadhili akichimba kisima, akakata utepe na kuondoka, kipande cha bei ndogo huweza kukifanya kisima cha bei kubwa kiwe pambo. Utaratibu wa Uganda hudai kila chanzo cha maji kiwe na kamati ya watumiaji, inayokusanya mchango mdogo wa kaya kwa ajili ya vipuri na kumjua fundi wa kumwita. Mradi wa klabu unaoanza na kamati hiyo, kabla ya mtambo wa kuchimba kufika, huwa na maisha marefu kuliko ule unaoikumbuka kamati siku ya uzinduzi.

Mfano mkubwa zaidi wa kutokata tamaa ni polio. Rotary ilianzisha kampeni yake ya dunia dhidi ya ugonjwa huo mwaka 1985. Mwaka 1988 ilijiunga na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine katika mpango wa pamoja, wakati ambapo ugonjwa huo ulikadiriwa kuwapata watu 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio.

Ilikuwa kazi ya miaka 35, ya masanduku ya barafu, pikipiki na wahudumu wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Hata hivyo mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa mmoja aliyepatikana jijini Lilongwe, na mwaka huohuo virusi vilionekana Msumbiji. Vilikuwa vimeingia kutoka nje ya bara la Afrika. Kampeni za chanjo zikaanza upya katika nchi za jirani, Tanzania ikiwamo. Ushindi nao, kama pampu, wahitaji matunzo.

Ukosoaji

Klabu za huduma zina wakosoaji, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba ni vyama vya wenye nafasi: ada, milo ya hotelini na lugha ya vikao huwaacha nje mafundi, wakulima na wachuuzi. Klabu mpya zinazokutana bila mlo na vikosi vya jamii ni majibu ya hoja hiyo, ingawa hayajaimaliza.

Ya pili ni kwamba miradi hufuata macho ya wafadhili. Ni rahisi kupata fedha za wodi ya watoto kuliko za mfumo wa majitaka. Ya tatu yahusu hasa hospitali za misheni. Kwa kuwa huendeshwa kwa sehemu na malipo ya wagonjwa, jengo lililojengwa kwa michango ya umma laweza kuwa mbali na uwezo wa mchangiaji mwenyewe siku akiugua. Klabu inayojenga katika hospitali kama hiyo yafaa kuandika katika mkataba ni kwa utaratibu gani mgonjwa asiye na uwezo atapokelewa.

Ya nne ndiyo nzito zaidi: kwamba hisani humpunguzia mwenye dhamana aibu. Wananchi wakikimbia kila mwaka kwa ajili ya mashine, nani ataiuliza serikali kuhusu kodi? Jibu la haki ni kwamba mambo hayo mawili si lazima yapingane. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Uganda, na chanjo inayoizuia ilianza kutolewa na serikali nchi nzima mwaka 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Hakuna mbio za hisani zinazoweza kufikisha chanjo katika kila shule. Klabu yaweza kuhamasisha wazazi, kusaidia uchunguzi wa mapema na kuwapa wagonjwa kitanda. Kazi ya kuwafikia wote ni ya dola.

Maswali ya mchangiaji

Wanachama wa Rotary wana kipimo chao cha maneno na matendo, kilichotungwa mwaka 1932 na mfanyabiashara Herbert Taylor: kama jambo ni la kweli, kama ni la haki kwa wanaohusika, kama litajenga nia njema, na kama litawafaa wote. Mtu wa kawaida anayeombwa kununua fulana, awe Kampala, Dar es Salaam au Kigali, anaweza kuwa na kipimo chake, kifupi zaidi.

Kwanza, nani aliyeuomba mradi huu? Kama ni wale watakaoutumia, wataulinda. Pili, nani anahesabu fedha? Klabu inayostahili kuaminiwa huwa na akaunti ya mradi iliyotenganishwa na fedha za chama, waidhinishaji zaidi ya mmoja, na mkaguzi wa hesabu asiye miongoni mwa waliochangisha. Tatu, miaka 5 baada ya utepe kukatwa, nani atalipa fundi?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri, na kila anayevaa fulana ile pale Kololo huthibitisha usemi huo. Aliyetoa shilingi zake kwa moyo ana haki ya kujua zimefika wapi, na kurudi mwaka unaofuata kuuliza tena. Klabu isiyokerwa na swali hilo ndiyo yenye uwezo wa kumaliza ukuta ilioanza kuujenga.